Mauti na Matamanio Chini ya Mlima Meru

Wahenga walituachia onyo fupi: tamaa mbele, mauti nyuma. Maana yake inafahamika na kila mtoto aliyepata kukaa jikoni na bibi yake. Mtu akiiweka tamaa mbele ya macho yake hakioni tena kinachomfuata, na kinachomfuata ni mauti. Onyo hilo limewaokoa wengi. Lakini imezuka desturi iliyoyageuza maneno hayo ndani nje. Mtu huketi na kalamu na karatasi, akayaweka mauti mbele yake kwa makusudi, kisha akaanza kuziandika tamaa zake moja baada ya nyingine: kabla sijafa nataka kukiona hiki, kukifanya kile, kufika pale. Aghalabu mambo yenyewe si ya kumpatia mkate wala cheo. Ni kuruka kutoka angani kwa mwavuli, kuogelea pamoja na pomboo, kula chakula asichokijua jina, kulala jangwani usiku wa mwezi mpevu. Ni mambo ya furaha, na mengine ni ya ajabu.

Swali ninalotaka kulichungua katika makala haya ni hili: je, ni halali kwa mtu mwenye utu, aishiye katika nchi yenye shida nyingi ambazo bado hazijaisha, kuwa na orodha ya namna hiyo? Na kama ni halali, orodha njema tutaitambuaje? Nimeuchagua mji wa Arusha na miteremko ya Mlima Meru kuwa mahali pa kulipimia swali hili, kwa sababu ni sehemu chache duniani ambako matamanio ya wageni na maisha ya wenyeji hupishana kila siku katika barabara moja kama yanavyopishana hapa.

Desturi hii ilienea sana baada ya mwaka 2007, ilipotoka filamu moja ya Kimarekani iliyochezwa na Jack Nicholson na Morgan Freeman. Ni hadithi ya wazee wawili, mmoja tajiri na mwingine fundi wa magari, waliokutana katika chumba kimoja cha hospitali, wote wawili wakiugua saratani. Walipojua kwamba siku zao zimehesabika waliandika yale waliyotaka kuyafanya, wakapanda ndege ya yule tajiri, wakaizunguka dunia. Walifika Misri, wakapita India na Uchina. Na katika safari hiyo wakaja Tanzania kutazama simba.

Msomaji asilipite jambo hilo kwa haraka. Katika hadithi ile nchi yetu ni mstari mmoja katika karatasi ya mtu mwingine. Mstari huo haukuandikwa kwa dharau; umeandikwa kwa hamu, na hamu ya mgeni imewapa vijana wengi wa Arusha riziki ya halali. Ukisimama asubuhi karibu na Mnara wa Saa utayaona magari ya watalii yakishika njia ya magharibi, kuelekea Manyara, Ngorongoro na Serengeti, na mengine yakishika njia ya Usa River kwenda Momella. Kila kiti ndani ya magari hayo kimekaliwa na tamanio la mtu. Anayeendesha ni Mtanzania. Anayepika kambini ni Mtanzania. Anayejua ni mti gani chui hupenda kulala ni Mtanzania pia. Watu hawa wameyaona matamanio ya walimwengu kwa karibu kuliko mwanafalsafa yeyote. Wameona watu wazima wakilia kwa kumwona twiga. Ila umwulize mmoja wao, "Na wewe ndugu yangu, kabla hujafa ungependa kufanya nini?" yamkini atacheka kwanza, kana kwamba umemwuliza habari za nyumba ya jirani. Kicheko hicho ndicho kinachonishughulisha.

Tuutazame mlima wenyewe. Meru ni mlima wa pili kwa urefu katika Tanzania. Kilele chake kimepita mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, nacho huitwa kwa jina la Ujamaa. Ni volkano iliyotoa majivu kwa mara ya mwisho mwaka 1910. Upande wake wa mashariki ulibomoka zamani za kale, ukaacha ukuta wa mwamba ambao mtu akisimama chini yake hujisikia mdogo kama sisimizi. Mwenye kuupanda huanzia lango la Momella, akifuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati na tembo. Usiku wa kwanza hulala Miriakamba. Usiku wa pili hulala juu zaidi, penye bonde lililo kati ya Meru yenyewe na Meru Ndogo. Kisha huamka katikati ya usiku, akatembea gizani juu ya ukingo wa kreta, mkono mmoja ukishika mwamba, mpaka mashariki kuanze kupambazuka na Kilimanjaro aonekane amesimama juu ya mawingu. Waliopata kuiona asubuhi hiyo husema kwamba maneno huwaishia. Nawasadiki.

Lakini mgeni huyo hakupanda peke yake. Chakula chake, nguo zake na mitungi ya gesi ya kupikia vimebebwa na wapagazi, vijana wa vijiji vya chini ya mlima, kila mmoja na mzigo wa kilo 20 hivi kichwani au mabegani. Mpagazi ameupanda mlima huu mara nyingi kuliko wageni wote anaowatumikia. Hata hivyo wapo wapagazi wengi ambao hawajakanyaga kilele, maana mzigo huishia penye kibanda cha mwisho. Kuanzia hapo mgeni huendelea na kiongozi wake na askari. Mpagazi hubaki kuchemsha maji ya chai ya watakaorudi. Amekaribia mara mia, hajafika mara moja.

Mambo hayo si mapya katika historia ya milima yetu. Mjerumani Hans Meyer alikuwa na tamanio moja lililomrudisha Kilimanjaro tena na tena. Mwaka 1887 alishindwa. Mwaka 1888 alikamatwa wakati wa vita vya Abushiri wa pwani, hata mlima hakuufikia. Tarehe 6 Oktoba 1889 yeye na Ludwig Purtscheller wakakifikia kilele. Wakakiita kwa jina la Kaisari Wilhelm. Waliowabebea mizigo hakuna kilele kilichoitwa kwa jina lao, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa miongoni mwa waliowaongoza, alianza kupewa heshima ya hadharani akiwa mkongwe sana. Kisha, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akapandisha mwenge na bendera ya Tanganyika juu ya kilele kile kile, nacho kikaitwa Uhuru. Mlima ni ule ule na barafu ni ile ile. Meyer alipanda ili apate kusema kwamba amefika. Nyirenda alipanda ili walio chini wapate kuona. Hapa ndipo tunapoanza kupata kipimo cha matamanio: tuulize mzigo wake umebebwa na nani, na mwanga wake unawaangukia akina nani.

Najua wapo wenzangu katika kazi ya ualimu watakaosema kwamba mazungumzo haya yote ni anasa. Watasema: nchi yenye wanafunzi wanaokosa madawati haina wakati wa kufikiri juu ya kuogelea na pomboo, mwachie tajiri upuuzi wake. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaki kuidharau, lakini imesahau mambo mawili.

Jambo la kwanza ni kwamba mchezo na furaha katika utamaduni wetu havikupata kuwa mali ya matajiri. Bao lilichezwa na mwenye ng'ombe na asiye na kuku. Ngoma haikumwuliza mtu mapato yake. Tunao msemo usemao, mtembea bure si mkaa bure. Na msemo huo hautungiki ila na watu waliokuwa wakitembea bure mara kwa mara na kufurahia. Mkulima wa Meru aliyekwisha kuuza kahawa yake alikuwa akivaa koti lake jema, akashuka mjini kutwa nzima bila shughuli yoyote ya maana, akatazama watu, akanywa chai dukani, akarudi jioni na habari za kusimulia kwa wiki mbili. Nani atasema kwamba siku hiyo ilipotea? Kumwambia maskini kwamba asitamani jambo la furaha mpaka kwanza awe tajiri ni kumfanya maskini mara ya pili.

Jambo la pili ni zito zaidi. Katika mji huu huu wa Arusha, mwezi Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana na kulipitisha Azimio ambalo limechukua jina la mji. Tangu uhuru taifa lilikuwa limetangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Vita hivyo havijaisha. Lakini adui ni kitu cha kuondolewa. Akishaondolewa uwanja hubaki mtupu. Mtu aliyepona maradhi yake, anayejua kusoma, ambaye ghala lake lina mahindi ya kutosha, atazifanyia nini siku zake? Kama hatukupata kumfundisha kutamani jambo lolote, uwanja ule mtupu utajazwa na matamanio ya kuazima. Atataka saa kwa sababu fulani anayo, na akishaipata atataka nyingine kubwa zaidi. Hiyo ndiyo tamaa waliyoionya wahenga.

Itatufaa basi kukumbuka kwamba wenyeji wa mlima huu walikuwa na namna yao ya kuyapanga mambo ya kutendwa kabla ya kufa, wala hawakuhitaji karatasi. Waarusha wa upande wa magharibi na kusini, ambao taratibu zao za rika ni moja na za Wamaasai, na Wameru wa upande wa mashariki waliokuwa pia na marika yao, walimlea kijana akijua kinachomngoja. Angetahiriwa pamoja na wenzake, angekuwa morani, angechukua jina la rika litakalomfuata mpaka kaburini, angeoa, mwishowe angeketi na wazee kuamua mashauri. Kila hatua ilikuwa na mavazi yake, nyimbo zake na hata utundu wake ulioruhusiwa. Naam, utundu. Morani alitazamiwa kujisifu, kujipamba, kutembea mbali na kurudi na visa vya kuchekesha. Mzee aliyefanya hayo alichekwa, na morani asiyeyafanya alitiliwa shaka. Jamii ilikuwa imetenga wakati kwa ajili ya furaha na mambo ya ajabu, ikayapa wakati huo ulinzi wake. Na jambo kubwa kuliko yote: hakuna aliyepita peke yake. Rika zima lilipita pamoja, na aliyeelemewa alishikwa mkono.

Hata hivyo tusiipake historia mafuta ing'ae kuliko ilivyokuwa. Orodha ile mtu alipewa, hakuiandika mwenyewe. Kijana aliyetamani kitu kisichokuwamo hakuwa na mahali pa kukiandika. Na mwanamke alihesabiwa zaidi kwa rika la mumewe kuliko kwa lake mwenyewe. Orodha yake ilikuwa fupi, na sehemu kubwa yake ilikuwa kazi. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaotamani kuyarudisha ya kale yote kama yalivyokuwa. Binti wa leo wa Poli au Ilboru ana haki ya kuandika mwenyewe. Ninalolisikitikia ni kwamba tulipoipata haki ya kuandika tuliupoteza ule mkono wa rika, na sasa kila mtu ana karatasi yake ameificha chini ya mto.

Pwani na bara, ndugu zetu Waislamu wanayo orodha nyingine ya kale, yenye jambo moja tu. Hija ni faradhi mara moja katika maisha kwa mwenye uwezo. Maneno hayo, mwenye uwezo, yamefafanuliwa vizuri ajabu. Anayekusudia kwenda hutakiwa kwanza alipe madeni yake, aombe radhi kwa aliowakosea, na aache masurufu ya kuwatosha wategemezi wake mpaka atakaporudi. Hata safari ya kwenda kwa Mola haifanywi kwa kumwachia mke na watoto njaa. Kama sharti hilo lingewekwa juu ya orodha nyingi za leo, yamkini nyingi zingefupika. Halizuii furaha, linataka tu furaha isilipiwe na mtu ambaye hakuulizwa.

Yapo pia matamanio ambayo hayachaguliwi, bali humjia mtu yakamchukua. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ili ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa. Wameru wakachanga fedha, shilingi kwa shilingi, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York kuishitaki Uingereza mbele ya Umoja wa Mataifa. Alifika huko mwaka 1952, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kusimama katika jumba hilo hilo. Tufikiri kidogo safari hiyo ilivyokuwa kwa mtu aliyetoka migombani mwa Meru: bahari, ndege, baridi, majumba marefu. Mambo hayo yote leo mtu angeyaandika katika orodha yake ya mambo ya ajabu. Kwa Kirilo yalikuwa njia tu. Kura za Baraza Kuu hazikufikia theluthi mbili zilizotakiwa, naye akarudi bila ardhi. Kwa kipimo cha kutia alama mbele ya kila jambo lililotimia, safari ile haikustahili alama. Lakini Tanganyika nzima ilijifunza kutoka kwake kwamba malalamiko ya kijiji kimoja yanaweza kusomwa mbele ya ulimwengu. Ukimlinganisha na yule mpagazi wa Momella utaona ajabu: kule watu wengi hubeba mzigo wa tamanio la mtu mmoja, hapa mtu mmoja alibeba tamanio la watu wengi, na watu hao ndio waliomlipia nauli.

Mwaka 1967, baada ya Azimio kutangazwa, vijana katika sehemu mbalimbali za nchi walianza kutembea kwa miguu masafa marefu kuliunga mkono. Kutoka Arusha hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Kijana mmoja wa matembezi hayo, Seti Benjamin, alifariki njiani. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Mwalimu Nyerere naye alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwa siku nyingi, kulala vijijini na kuondoka alfajiri. Habari za Seti zimesimuliwa kwa sifa, na sifa hizo anastahili. Mimi huzisoma kwa moyo mzito. Kutembea nchi yako kwa miguu ni tamanio zuri sana, pengine zuri kuliko yote yaliyotajwa katika makala haya. Lakini sipendi mwanafunzi aondoke darasani akidhani kwamba ukubwa wa tamanio hupimwa kwa roho iliyotolewa. Kijana yule alitaka kufika. Angefika, akarudi Arusha, akawasimulia wajukuu wake jinsi malengelenge yalivyomtesa, tamanio lake lisingepungua thamani hata kidogo.

Tukitaka mfano wa tamanio la ajabu lililokuwa la furaha na la maana kwa pamoja, tuvuke mpaka twende kwa jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2004, mwaka mmoja baada ya serikali kufuta ada za shule za msingi, mzee Kimani Maruge wa Eldoret, aliyesema kwamba ana umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza. Alivaa kaptula na soksi ndefu kama watoto wengine. Watu walicheka. Yeye alitaka kuhesabu fedha zake mwenyewe, na kuisoma Biblia kwa macho yake, maana alishuku kwamba mhubiri haisomi ilivyoandikwa. Mwaka 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza akaenda New York kuzungumza juu ya elimu ya watoto maskini. Alifariki mwaka 2009. Kwetu hapa, mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wako wazee wengi walioketi chini ya miti wakiwa na haja ndogo kuliko hiyo: kuandika jina lao badala ya kutia dole gumba. Haja hiyo haikuongeza gunia la mahindi shambani. Lakini mzee aliyeipata alitia sahihi kila karatasi iliyopita mbele yake, hata ambazo hazikuhitaji sahihi.

Mifano hiyo ndiyo iliyonifanya nijaribu jambo moja darasani, katika shule ya sekondari iliyo kwenye miteremko ya Meru nilipokuwa nikifundisha. Niliwaagiza wanafunzi wa kidato cha tatu waandike mambo matano ambayo kila mmoja angependa kuyafanya kabla ya kufa. Niliwakataza matatu: kupata kazi, kujenga nyumba na kuwasaidia wazazi. Hayo ni wajibu, niliwaambia, nami nauheshimu. Leo tuandike yale ambayo hakuna atakayewalaumu msipoyafanya.

Kwanza pakawa kimya. Kijana mmoja akanyosha mkono akauliza kama si uchuro kuandika habari za kifo chako mwenyewe. Swali lake lilikuwa la haki, maana kwetu mtu hajitajii mauti ovyo. Nikamjibu kwamba mkulima anayesema "kabla ya masika" haiti mvua wala haifukuzi. Anajua tu kwamba itakuja. Sijui kama aliridhika. Aliandika.

Nilipozikusanya karatasi zile niliona haya kwa muda wote tuliokuwa tumekaa pamoja bila mimi kuwajua. Mmoja alitaka kuendesha gari moshi kutoka Arusha mpaka Tanga, apige honi katika kila kituo. Mwingine alitaka kuwahesabu heroe wote wa maziwa ya Momella kwa asubuhi moja, na alikuwa amekwisha kufikiri jinsi ya kuwazuia wasiruke kabla hajamaliza. Mwingine alitaka kukimbia mita 1,500 kwa mbio walizokimbia mashujaa, akamtaja Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia mwaka 1974, akaongeza kwa unyenyekevu kwamba yeye angeridhika kukimbia nusu ya masafa hayo. Mmoja alitaka kucheza bao na Rais wa nchi na kumshinda. Kadhaa walitaka kuiona bahari. Mmoja wao alitaka kuionja, kwa kuwa amefundishwa tangu darasa la pili kwamba ina chumvi na hajapata kuhakikisha. Wachache mno waliandika majina ya nchi za mbali. Na katika darasa lote la watu arobaini na zaidi, walioandika kwamba wanataka kuupanda mlima uliokuwa ukionekana dirishani walikuwa watatu.

Mmoja kati ya hao watatu alikuwa msichana aliyezoea kukaa nyuma na kusema machache. Aliandika kwamba anataka kulala usiku mmoja kule juu, kwenye kibanda cha mwisho, pamoja na mama yake, kisha wapande wote wawili mpaka mahali wanapoweza kulitafuta paa la nyumba yao. Nilimwita nikamwuliza kwa nini mama. Akasema kwamba shamba lao linapakana na msitu, na mama yake ameutazama mlima huo kila asubuhi tangu aolewe, akiwafukuza nyani waliokuja kula mahindi. Mlima umemtazama mama kutoka juu miaka yote hiyo, basi na mama apate kuutazama mji kutoka huko. Nikamweleza kwamba kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha wageni, na kwamba shule inaweza kuandika barua kwa wakubwa wa hifadhi. Alikuwa amekwisha kuyaulizia hayo. Mizigo yao wangeibeba wenyewe, alisema, maana mama yake amebeba kuni kwenye mteremko huo huo maisha yake yote. Shida iliyobaki ilikuwa moja tu: safari ya kwenda na kurudi ni siku nne, na bado hawajampata mtu wa kumkatia ng'ombe majani.